Taarifa Ikifika, Mtu Yupo

Mume wa dada yangu ni mtu wa kutaniwa, na mimi kama shemeji yake sihitaji kibali cha mtu. Mtaani wanamwita Vipimo, na jina hilo hakuliokota barabarani. Huyu ni mtu asiyeonja chai mpaka aitumbukizie kipimajoto. Maji ya kuoga anayapima. Mtoto akipata homa, wazazi wengine huweka kiganja kwenye paji la uso. Yeye huenda kutafuta miwani yake kwanza. Wakati wa uchumba dada aliniambia kwamba amepata mwanamume makini. Nikamwambia umakini ni kitu kizuri kwa fundi wa breki, kwa mume sina uhakika. Alikasirika siku hiyo. Siku hizi hakasiriki tena.

Kazi yake ni ubaharia. Alikuwa ofisa wa pili kwenye meli ya mizigo, kuukuu, yenye kutu mpaka kwenye jina, iliyobeba saruji ikienda na chumvi ikirudi. Na kwenye meli kama hizo kuna kazi ya pembeni ambayo wengi wetu hatuijui. Bahari ni kubwa na haina mtu wa kukaa katikati yake kuangalia hali ya hewa. Nchi kavu unaweza kujenga kituo, ukazungushia uzio na kuajiri mtu wa kusinzia ndani. Baharini huwezi. Kwa hiyo ofisi za hali ya hewa huwaomba mabaharia wa meli za biashara: nyinyi mnapita huko huko, tafadhali tuangalizieni. Wanapewa barometa, vipimajoto na ndoo ya mpira yenye kamba ndefu. Kila zamu ikifika, popote meli ilipo, ofisa anasoma mgandamizo wa hewa, anaangalia upepo, mawingu na mawimbi, anatupa ndoo baharini, anavuta maji na kuyapima haraka kabla jua halijayagusa, kisha anatuma namba. Kwa kazi hiyo hulipwa asante.

Kazi ya bure inajulikana inavyofanywa. Nahodha wao alipima mawingu akiwa kitandani, kupitia kidirisha cha chumba chake, na kidirisha kikiwa kichafu aliandika mawingu mazito. Ofisa wa kwanza alinakili namba za jana, akabadilisha tarakimu ya mwisho ili zisifanane sana na za jana. Vipimo peke yake ndiye aliyetupa ndoo. Mvua ikinyesha alitupa ndoo, akiumwa tumbo alitupa ndoo. Alisema namba ni amana.

"Shemeji," nikamwambia, "amana ni kitu ulichoachiwa na mtu anayekujua."

"Watu wanategemea zile namba," akajibu. "Wavuvi, marubani, wakulima."

"Na nahodha wako je, anayepima akiwa kitandani?"

"Kila mtu na zamu yake," akasema, na hakuona kichekesho chochote.

Aliyempenda Vipimo kwa dhati alikuwa Afisa Hewa, yaani bwana wa ofisi ya hali ya hewa pale bandarini, mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Meli ikitia nanga tu, Afisa Hewa alipanda ngazi na zawadi zake: kalamu, na kalenda yenye picha za mawingu. Nyumbani kwa dada kuna kalenda hizo kila chumba. Hakuna anayejua tarehe, lakini mawingu tumeyajua kwa majina.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya saruji. Safari moja maji yaliingia kwenye shehena, saruji ikaganda ikawa jiwe moja kubwa lenye umbo la meli kwa ndani, na wenye mzigo wakaenda mahakamani. Mahakama ikaamuru meli izuiwe mpaka kesi iishe. Sasa sheria ni kwamba meli iliyozuiwa haiwezi kuachwa bila mtu. Lazima ofisa mmoja aandikishwe kuwa mlinzi wake, na mlinzi huyo haruhusiwi kukanyaga nchi kavu. Akishuka, ni jela, na cheti chake cha ubaharia kinafutwa.

Siku ya kuandikisha mlinzi, nahodha alikuwa anaumwa mgongo. Ofisa wa kwanza alikuwa anamzika mama yake, mama ambaye kwa hesabu za wenzake alikuwa ameshazikwa mara mbili katika safari zilizopita. Vipimo alifika kabla mlango wa mahakama haujafunguliwa, shati limechomekwa, vyeti mkononi. Karani akauliza nani wa meli ile yupo.

"Nipo," akasema shemeji yangu.

Basi, ndiyo hivyo. Mwongo alikwenda nyumbani, mgonjwa wa mgongo alikwenda nyumbani, mabaharia wote wakabeba mabegi yao, na aliyewahi akabaki na meli.

Meli ikavutwa mpaka nje ya bandari na kutia nanga mbele ya mji. Kutoka kwenye paa la nyumba ya dada, pale anapofulia na kuanika nguo, unaiona vizuri. Kitindamimba wao alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Dada alimnyanyua, akamwonyesha: "Baba yule pale." Mtoto akaangalia lile lichuma lenye kutu, akaelewa kwamba huyo ndiye baba. Tangu siku hiyo akishika penseli anamchora baba yake akiwa na bomba la moshi. Kuna siku ilipita meli ya makontena, ndefu na nyeupe, akaniuliza kama hiyo ndiyo mjomba. Nilicheka mpaka nikamwona dada hacheki.

Mwenye meli aliacha kupeleka mafuta, kisha akaacha kupokea simu. Jenereta ikanyamaza. Friji ya jikoni ikawa kabati. Mimi ni fundi wa friji, na habari hiyo iliniuma kuliko zote. Maji ya tangi yalikuwa na ladha ya msumari. Tulikuwa tunakodi boti kumpelekea chakula, lakini kupanda melini ilikuwa marufuku, kwa hiyo alishusha ile ndoo ya mpira, tukaweka unga, dawa, chupa za maji na soksi, akavuta. Kisha aliisugua ndoo kwa chumvi na kuisuuza, eti unga usije ukachafua kipimo cha bahari. Unga kiganja kimoja, bahari yote ile.

Maana kupima hakuacha. Hakuna aliyemwambia aache, na mtu wa aina yake haachi jambo mpaka aambiwe aache. Kila zamu alisoma barometa, akahesabu mawingu, akatupa ndoo. Afisa Hewa alifurahi kama mtu aliyepata mtoto uzeeni. Meli nyingine zilikuwa zinatuma taarifa zikikumbuka. Hii haikukosa hata mara moja, hasa kwa kuwa haikuwa na pa kwenda. Taa za meli zilipozimika, Afisa Hewa alimpelekea simu ya ofisi na kipande cha sola cha kuichajia, ili namba zisikatike. Mkate hakupeleka.

Kila taarifa ilijibiwa pale pale: "Asante. Taarifa yako imepokelewa." Shemeji aliwahi kuniambia kwamba hilo ndilo shirika pekee la serikali linalojibu. Chini kabisa ya taarifa kuna nafasi imeandikwa Maelezo Mengine. Vipimo akaanza kuitumia. Aliandika: maji ya kunywa yamebaki kidogo. Asante, taarifa yako imepokelewa. Aliandika: mlinzi ana vidonda vya miguu. Asante, taarifa yako imepokelewa. Aliandika: naomba mahakama ikumbushwe kuwa nipo hapa mwaka wa pili sasa. Asante. Namba zilikwenda kwenye kompyuta na kuchorwa ramani za rangi. Maneno sijui yalikwenda wapi. Nadhani yalikwenda mahali ambapo maneno ya watu wa kawaida huenda.

Dada alizunguka kwenye maofisi mpaka visigino vya viatu vikaisha. Bandari ikasema hilo ni la mahakama. Mahakama ikasema hilo ni la mwenye meli. Wakala wa mwenye meli akasema yeye ni wakala tu.

Kisha shemeji akaugua homa kweli kweli. Asubuhi moja alivuta maji, akaiweka ndoo kwenye chuma cha sitaha, kizunguzungu kikamshika, akalala chini ya turubai. Alipozinduka jua lilikuwa limeipiga ndoo vya kutosha. Akajikokota, akapima, akatuma, hakukumbuka hata alichotuma. Alikuwa ametuma bahari yenye joto la kuchemshia yai.

Kabla ya alasiri boti iendayo kasi ilikuwa ubavuni mwa meli. Mwaka mzima na zaidi wa kuomba, na sasa boti, yenye bendera na mafuta ya kutosha. Afisa Hewa akapanda ngazi akihema, na fundi wa vifaa nyuma yake.

"Bahari imekuwaje?" akauliza.

"Bahari haijambo. Niliiacha ndoo juani, homa ilinizidi."

Afisa Hewa akashika kifua. "Afadhali. Tulidhani kipimajoto kimeharibika."

Fundi akakipima kipimajoto kwa kipimajoto kingine, akaigonga barometa kwa kucha, akasema vifaa ni vizima.

"Na mimi je?" akauliza Vipimo, amekaa sakafuni na blanketi mabegani.

"Wewe pole sana," akasema Afisa Hewa, na naamini alimaanisha. "Lakini mambo ya mabaharia ni idara nyingine, ndugu yangu. Sisi ni hewa."

Wakamwachia ndoo mpya na kalenda.

Aliponisimulia hayo hakuwa na kinyongo, na kutokuwa kwake na kinyongo ndiko kulikoniudhi. Dada hakuudhika, alikuwa ameona mlango. Tulipokwenda na boti siku iliyofuata alisimama, akashika kamba ya ndoo na kumwambia huku amemwangalia juu: "Baba watoto, wanakuja namba ikiharibika. Basi ziharibu. Andika bahari inachemka. Andika barafu. Waje kila siku mpaka wachoke, wakutoe."

"Siwezi kuandika nisichokiona, mama watoto."

"Unaweza kufa, ila kuandika huwezi?"

Alivuta ndoo taratibu, akatushukuru kwa unga, akaangalia saa. Zamu ilikuwa imekaribia. Nilikuwa na maneno ya kumtania siku hiyo, nikayameza. Kwa kweli nilitaka kupanda nikampige makofi, na baada ya hapo nimkumbatie.

Dada akapata wakili. Wakili akapeleka ombi kwamba mlinzi abadilishwe, arudi kwa mkewe na watoto. Akashauri aletwe shahidi mwenye heshima, aieleze mahakama huyu ni mtu wa namna gani. Ni nani anayemjua? Dada akamwendea Afisa Hewa. Afisa Hewa akasema itakuwa heshima kwake, akaja siku ya kesi amevaa tai yenye picha ya jua. Mwenye ombi mwenyewe hakuwepo, kwa kuwa sheria ilimkataza kushuka kuja kuomba ruhusa ya kushuka.

Afisa Hewa alisimama akamsifu shemeji yangu kama bibi harusi. Alisema tangu aanze kazi hajaona mtu kama yule. Hajawahi kukosa zamu. Hajawahi kuongeza wala kupunguza. Hata alipokuwa hoi kwa homa, alituma. Dada alikuwa ananibana mkono kwa furaha. Hakimu alivua miwani, akasikiliza vizuri.

"Mahakama ilikuwa na wasiwasi mmoja," akasema hakimu. "Bandari inatakiwa kwenda kuhakikisha mlinzi yupo, na bandari inatuambia boti yake ya doria haina mafuta. Tutajuaje kwamba mtu yupo melini?"

"Hilo ni jepesi, Mheshimiwa," akasema Afisa Hewa, uso umemeremeta. "Taarifa zake zinatufikia kila zamu. Taarifa ikifika, mtu yupo."

Hakimu akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Akasema mahakama imesikia kilio cha familia, na imeguswa. Lakini mlinzi mwaminifu kiasi hiki mahakama itampata wapi? Akibadilishwa, akaja mwingine asiyejali, meli itakuwa salama? Ombi likakataliwa. Bandari ikaondolewa jukumu la kwenda kukagua, maana taarifa za hali ya hewa zitakuwa ushahidi tosha. Afisa Hewa alitufuata nje, akampa dada mkono na kumwambia ajivunie mume wake. Nafikiri mpaka leo anaamini alitusaidia.

Kwenye ngazi za mahakama wakili alianza kueleza habari za rufaa. Dada hakuwa anamsikiliza.

"Umesikia alivyosema yule bwana?" akaniuliza.

"Nimesikia. Nilitamani nimnyonge na ile tai."

"Kasema taarifa ikifika, mtu yupo."

"Ndiyo."

"Na bandari wameambiwa wasiende tena."

"Ndiyo."

"Basi tafuta boti."

Tulikwenda saa ya chakula cha mchana, wakati ambapo hata bendera ya bandari husinzia. Vipimo alishusha ndoo kama kawaida. Dada hakuweka kitu. Akamweleza yote, hukumu na sababu zake, kwa sauti ya kawaida.

"Nikishuka ni jela," akasema shemeji.

"Nani atakuja kuangalia? Mheshimiwa mwenyewe kawaondolea kazi hiyo."

"Na taarifa ya jioni?"

"Si una simu? Utaituma."

"Nitatuma nini? Nitakuwa nimepima wapi?"

"Baba watoto," dada akasema, na hapo sauti yake ndiyo ilikatika, "mtoto wako anadhani wewe ni meli. Shuka."

Kisha ngazi ya kamba ikashuka, na yeye nyuma yake, amekonda, barometa kifuani ndani ya blanketi, kipimajoto mfukoni. Sola aliifunga mgongoni.

Nyumbani mtoto alijificha nyuma ya mlango. Dada akamwambia njoo umwamkie baba. Mtoto akamwangalia yule mtu mwenye ndevu, akatikisa kichwa, akamshika mama yake mkono na kumpandisha mpaka juu ya paa amwonyeshe baba aliko. Shemeji alipanda nyuma yao, akasimama akaiangalia ile meli kwa upande asiouzoea. Alilia bila kujificha. Mtoto alimwonea huruma, akampa kikaragosi chake ashike.

Zamu ya jioni ikafika. Barometa aliitundika kwenye msumari wa kamba ya nguo. Mawingu yalikuwa ni yale yale, upepo ule ule. Ikabaki bahari. Dada alikuwa amejaza beseni la kufulia. Akalisukuma kwa mguu.

"Maji hayo hapo. Pima."

"Haya si bahari."

"Na wewe si meli, lakini umekaa huko miaka miwili."

Akatumbukiza kipimajoto. Akaandika namba. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe cha kutuma kwa muda mrefu mno, nikadhani ataniambia nikodi boti ya kumrudisha melini usiku ule ule. Badala yake akashuka mpaka chini kabisa ya taarifa, pale kwenye Maelezo Mengine, akaanza kuandika. Akaandika sana. Nikamnyang'anya simu nisome.

Alikuwa ameandika: Mlinzi hayupo melini. Yuko nyumbani kwake, juu ya paa. Joto la maji lililoandikwa hapo juu ni la beseni la kufulia.

"Shemeji, una wazimu? Hii inakwenda serikalini."

"Namba ni amana," akasema, akaichukua simu yake, akatuma.

Dada alimvuta mtoto, akamkumbatia. Mimi niliangalia barabara, nikipiga hesabu ya gari la polisi litapita njia gani. Simu ikalia mlio wake mdogo.

"Asante. Taarifa yako imepokelewa."

Vipimo aliisoma, akairudia. Nilitegemea atacheka, maana sisi tulikuwa tumeshaanza. Yeye alikaa kando ya beseni, akasema taratibu, si kwangu wala kwa dada: "Kwa hiyo hata yale ya maji na ya vidonda hawakuyasoma." Sijapata kumtania tangu siku hiyo kwa jambo linalohusu kazi yake. Kwa mengine naendelea.

Hiyo ni miezi mingi sasa. Kesi bado, saruji bado jiwe. Mchana hatoki nje, anafundisha watoto hesabu na kumkera mke wake jikoni na kipimajoto chake. Meli ilipewa cheti cha mtoa taarifa bora wa mwaka. Nahodha ndiye aliyekwenda kukipokea, kwa kuwa mlinzi alikuwa zamu, na mgongo siku hiyo haukumsumbua. Na wiki iliyopita Afisa Hewa alisikika redioni akisema bahari ya mbele ya mji wetu imepoa kwa namna isiyo ya kawaida. Dada siku hizi beseni analiweka kwenye kivuli cha tangi. Wataalamu, alisema Afisa Hewa, wamekaa vikao kutafuta sababu, na bado hawajaipata.

Sababu wanayo. Anawaandikia kila zamu, na kila zamu wanamshukuru.